Mbalanga: vidonge vya psoraleni na jua, taa za UVB, au krimu peke yake?

Mabaka meupe yakianza kujitokeza midomoni au kwenye vidole, ushauri haukawii. Jirani atataja ndimu. Muuza mitishamba wa sokoni Busia atakutolea kichupa cha mafuta ya mbegu za babchi kutoka India. Duka la dawa litakupa tyubu ya krimu yenye steroidi. Ukifanikiwa kumwona daktari wa ngozi, huenda akakuuliza kama unaweza kufika kliniki mara tatu kwa wiki ili ngozi iangaziwe taa. Wote wanazungumzia ugonjwa mmoja, ila dawa zao hazifanani hata kidogo, na mojawapo ikitumiwa ovyo chini ya jua letu la ikweta itakuachia malengelenge siku ya tatu. Haya ninamwandikia mtu aliyesimama mbele ya kaunta akiwa na pesa ya dawa moja tu.

Kabla ya yote: je, ni mbalanga kweli?

Mbalanga, ambayo madaktari huiita vitiligo, ni mabaka meupe kama chaki. Ngozi yake ni laini, haibanduki magamba, haiwashi sana, na ukiigusa unahisi kama kawaida. Chanzo chake ni kinga ya mwili kuzishambulia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Haiambukizi, na si laana.

Mabaka ya kifuani na mgongoni yenye magamba membamba ukiyakwaruza kwa ukucha mara nyingi ni mba, na mba ni fangasi. Dawa ya fangasi inatosha, ingawa rangi huchelewa kurudi.

Baka lililopauka kidogo tu, lisilo jeupe pepe, na ambalo halihisi kitu, linahitaji haraka kuliko mengine yote. Chukua uzi wa pamba, mwambie mgonjwa afumbe macho, kisha mguse pale. Asipohisi, mpeleke akapimwe ukoma. Uganda bado ina ukoma, na hospitali za Buluba kule Mayuge na Kumi kule Teso zina historia ndefu ya kuutibu. Dawa zake ni za bure duniani kote tangu 1995. Kumpaka mtu wa namna hiyo losheni ya mbalanga kwa mwaka mzima ni kumpotezea vidole.

Na mtu mwenye ualbino hana mbalanga. Amezaliwa na seli zisizoweza kutengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi, ya kutosha, kwa hiyo hakuna rangi ya kuamsha. Psoraleni, dawa inayoamshwa na jua, kwake ni marufuku kabisa. Ninalisema hili kwa sauti kwa sababu nimewahi kumwona mzazi akiulizia "dawa ya jua" kwa ajili ya mtoto wake mwenye ualbino, kwa nia njema kabisa. Mtoto yule alihitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua.

Psoraleni hufanya nini

Psoraleni ni kemikali ambayo mimea huitengeneza kujilinda dhidi ya wadudu na fangasi. Imo kwenye ganda la ndimu, kwenye utomvu wa mtini, kwenye seleri, kwenye mbegu za babchi za India, na kwenye mbegu za mmea uitwao Ammi majus unaoota kando ya Nile huko Misri, mto uleule unaoanzia kwetu Jinja. Wamisri na Wahindi waliitumia kutibu mabaka meupe tangu kale, na katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Baitar alieleza jinsi ya kumpa mgonjwa mbegu hizo kisha kumkalisha juani. Mwaka 1947 wanakemia wa Misri Fahmy na Abu-Shady waliitoa kemikali yenyewe kwenye mbegu, na 1948 Abdel Monem El Mofty akaanza kuwatibu nayo wagonjwa wa mbalanga mjini Cairo. Kemikali hiyo leo huuzwa kwa jina la methoksaleni.

Gizani, psoraleni haina kazi kubwa. Inaingia ndani ya seli na kujipenyeza katikati ya nyuzi za DNA, basi, inatulia. Ikipigwa na miale ya urujuanimno aina ya UVA, yaani ile yenye urefu wa wimbi kati ya nanomita 320 na 400, ndipo inapojifunga kwenye nyuzi hizo na kuzishonanisha. Seli za kinga zinazoshambulia rangi hupungua nguvu, na seli za rangi zilizojificha kwenye mashina ya nywele huanza kuzaana na kutambaa kuelekea juu ya ngozi. Ndiyo maana rangi hairudi kuanzia pembezoni peke yake. Ukimtazama kwa karibu mgonjwa anayepona, utaona ndani ya baka jeupe vinukta vya kahawia, kila kimoja kimezunguka unywele mmoja. Vinukta hupanuka, hugusana, kisha baka hufunga. Na ndiyo maana baka ambalo nywele zake zenyewe zimekuwa nyeupe, au sehemu isiyo na nywele kama ncha za vidole na midomo, hujibu kidogo sana kwa dawa yoyote ile. Usikubali kuuziwa ahadi ya kuponya ncha za vidole.

Kazi za psoraleni haziishii kwenye mbalanga. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba methoksaleni pamoja na taa za UVA husafisha soriasisi, ugonjwa wa ngozi wenye mabaka ya magamba. Hutumika pia kwa aina fulani ya saratani ya damu inayojitokeza kwenye ngozi, na ndugu yake aitwaye amotosaleni hutumika katika baadhi ya benki za damu kuua vijidudu kwenye plazima na chembe sahani. Lakini hapa tubaki kwenye mbalanga.

Vidonge vya psoraleni na jua

Uzuri wa njia hii unaeleweka mara moja: taa yenyewe iko angani, haina bili ya umeme. Mgonjwa anameza kidonge, anasubiri saa mbili hivi, kisha anaanika mabaka juani kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati. Kwa matibabu ya jua, madaktari wengi hupendelea trioksaleni kuliko methoksaleni kwa sababu haiunguzi sana.

Tatizo ni jua letu. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta; Kabale iko juu zaidi, na kadiri unavyopanda mlima ndivyo miale inavyokuwa mikali. Saa sita mchana siku isiyo na mawingu, kipimo cha miale ya urujuanimno (UV) hapa huvuka 11, kiwango kinachohesabiwa kuwa cha hatari kupindukia. Ratiba nyingi za dawa hizi ziliandikwa kwa jua la mahali pengine. Isitoshe, wingu likipita kipimo kinabadilika, likiondoka kinabadilika tena, na mgonjwa ana saa tu mkononi. Dakika kumi za jana na dakika kumi za leo si kitu kimoja.

Kuungua kwa psoraleni kuna hila yake pia. Jua la kawaida likikuunguza utajua jioni hiyohiyo. Hili hufikia kilele baada ya saa 48 hadi 72. Mgonjwa anaanika Jumatatu, Jumanne haoni kitu, anaongeza dakika, na Alhamisi anaamka ngozi imevimba na kutoa maji. Kwa hiyo ukianza, anza na dakika alizotaja daktari, mara nyingi tano tu, na usiongeze kabla siku tatu kamili hazijapita.

Kuna mambo mengine ambayo karatasi ndani ya pakiti huyataja kwa herufi ndogo, nami ningependa yaandikwe kwa kubwa:

Dawa hufika kwenye lenzi ya jicho. Ukishameza, vaa miwani ya kuzuia UVA hadi saa 24 zipite, hata ukiwa ndani karibu na dirisha. Kioo huzuia sehemu kubwa ya UVB, yaani miale yenye wimbi fupi kuliko UVA, lakini UVA hupita, kwa hiyo kiti cha dirishani kwenye taksi ya kwenda Mbale ni sawa na kukaa juani. Weusi wa miwani ya kando ya barabara haukuambii kitu. Tafuta iliyopimwa, yenye alama ya UV400.

Ukiwa unatumia Septrin kila siku, au doksisaiklini, au siprofloksasini, mwambie daktari kabla. Dawa hizo nazo huifanya ngozi iogope jua, na zikikutana na psoraleni madhara huongezeka. Nchini kwetu Septrin hutolewa kwa watu wengi wanaoishi na VVU, kwa hiyo swali hili si la kuruka, hata kama kulijibu mbele ya foleni kunatia haya. Omba kuzungumza faragha.

Kichefuchefu ni cha kawaida. Chakula chepesi kisicho na mafuta mengi husaidia. Methoksaleni pia hulizuia ini lisiondoe kafeini kwa kasi yake ya kila siku, hivyo mnywaji wa kahawa atashangaa moyo unapiga mbio usiku kwa kikombe kilekile alichozoea.

Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 12, mwenye ugonjwa mkali wa ini, mwenye lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe): hawa wasipewe vidonge. Na anayetumia kwa miaka mingi ana hatari ya saratani ya ngozi. Hatari hiyo imeonekana wazi zaidi kwa wagonjwa wa soriasisi wenye ngozi nyeupe waliopata matibabu mengi sana, na ngozi nyeusi ina kinga yake, lakini baka la mbalanga ndipo hasa mahali kinga hiyo ilipokosekana.

Losheni ya psoraleni

Kwa kuwa hupakwa kwenye baka tu, tumbo na macho hupona. Wengi huidhani ni nyepesi kuliko kidonge. Kwa ngozi, ni kinyume: losheni huunguza kwa urahisi zaidi, kwa sababu dawa yote imekusanyika mahali padogo. Losheni ya asilimia 1 isiyozimuliwa, juani, ni kutafuta kidonda. Wataalamu huizimua hadi asilimia 0.1 au chini ya hapo. Muda wa juani huanza mfupi kuliko ule wa vidonge, na baada yake baka huoshwa kwa sabuni na kufunikwa. Hii ni dawa ya mtu mwenye mabaka mawili matatu madogo na subira ya kutosha, chini ya daktari. Chupa itunzwe gizani.

Babchi, ndimu na utomvu wa mtini

Hapa sina maneno ya kuzungusha. Psoraleni iliyomo ni ya kweli, na hapo ndipo ubaya ulipo. Kichupa cha babchi hakikuambii kina kiasi gani cha dawa, na kichupa cha pili kutoka duka lilelile kinaweza kuwa na mara kadhaa ya kile cha kwanza. Mwanga haujapimwa, na sasa dawa nayo haijapimwa.

Ndimu niliiona kazi yake kwa mama mmoja aliyekamua nyingi kwa ajili ya juisi ya sherehe, akiwa ameketi uani mchana. Siku mbili baadaye mkono ulikuwa na michirizi myekundu kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko, imefuata njia ileile juisi ilipotiririkia, na juu yake malengelenge. Yalipokauka yaliacha alama nyeusi zilizokaa kwa miezi. Yeye hakuwa hata anajitibu. Sasa fikiria mtu anayejipaka makusudi kwenye mdomo au karibu na jicho. Tena kuna jambo jingine la mbalanga: ngozi inayojeruhiwa hivyo, iwe kwa kuungua au kukwaruzwa, huweza kuota baka jipya palepale penye jeraha.

Siwadharau waganga wetu. Uganda ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2019, na ina taasisi ya utafiti wa dawa asili pale Wandegeya, na mimea mingi inastahili kuchunguzwa. Mmea huu umeshachunguzwa, na kilichopatikana ni kwamba una nguvu mno kukadiriwa kwa kijiko.

Taa za UVB

Hizi ni taa za nanomita 311. Hakuna kidonge, hakuna losheni, hakuna miwani ya saa 24. Macho hufunikwa wakati wa matibabu tu. Mjamzito anaweza, na mtoto anayeweza kusimama ametulia anaweza. Kipimo huwekwa kwenye mashine, kikaandikwa kwenye kadi, na kuongezwa kidogo kidogo. Ukiungua, daktari anajua arudi hatua gani.

Na inafanya kazi kuliko vidonge. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2007, uliowalinganisha wagonjwa wapatao 50 bila wao wala wapimaji kujua nani yuko kundi gani, ulikuta kwamba asilimia 64 ya waliopata UVB walirudisha zaidi ya nusu ya rangi, dhidi ya asilimia 36 ya waliopata psoraleni na UVA. Rangi iliyorudi kwa UVB pia ililingana vizuri zaidi na ngozi ya jirani, jambo ambalo kwetu wenye ngozi nyeusi linaonekana toka mbali. Na kumbuka kwamba hao wa psoraleni walitibiwa kwa taa zilizopimwa, hawakuachiwa jua.

Gharama yake kubwa ni safari. Mara mbili au tatu kwa wiki, miezi sita kabla ya kusema imeshindwa, pengine mwaka mzima. Kwa mtu wa Kampala ni taabu inayobebeka. Kwa mtu wa Moyo au Kisoro ni nauli inayoweza kuimaliza familia. Kabla ya kusafiri, piga simu kliniki ya ngozi uulize maswali matatu: mna taa za UVB za nanomita 311? Zinafanya kazi sasa hivi? Kila kikao ni shilingi ngapi? Zipo pia taa ndogo za kushika mkononi za kutumia nyumbani, na hizo kwa mwenye mabaka machache zinaweza kuwa rahisi kuliko nauli ya miezi sita, mradi daktari akupangie muda.

Krimu bila mwanga

Steroidi kali kiasi kama betamethasoni kwa mwili, takrolimasi (dawa ya kupaka isiyo ya steroidi) ya asilimia 0.1 kwa uso, kope na shingo. Ni njia ya kwanza kwa baka jipya na dogo, hasa usoni, ambako rangi hurudi kwa urahisi kuliko kwingine.

Steroidi ina mpaka wake. Ikipakwa mfululizo miezi mingi ngozi huwa nyembamba, michirizi hutokea, na karibu na jicho inaweza kupandisha presha ya jicho. Haifai kununuliwa ovyo, na hasa zile tyubu za klobetasoli, steroidi kali sana, zinazouzwa pamoja na vipodozi vya kujichubua. Takrolimasi haiipunguzi ngozi unene; huchoma kidogo siku za mwanzo kisha hutulia. Bei yake ndiyo huwashinda wengi. Kuna krimu mpya zaidi, ruksolitinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa mbalanga, ila bei yake haijafika mfukoni mwa mtu wa kawaida.

Usitarajie muujiza. Utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2021 uliwafuatilia watu 517: baada ya miezi tisa, waliotumia krimu ya steroidi peke yake waliosema baka halionekani sana tena walikuwa 17 kwa kila 100, waliotumia taa ndogo ya UVB 22, na waliotumia vyote viwili 27. Ni namba ndogo, na nimeziweka hapa makusudi, kwa sababu anayekuahidi asilimia 100 kwa wiki sita anakuuzia kitu kingine.

Nani achukue nini

Mtoto wa shule mwenye baka moja karibu na jicho: takrolimasi. Wala usiguse psoraleni.

Mjamzito mwenye mabaka yanayoenea: UVB kama ipo karibu, la sivyo asubiri ajifungue. Mbalanga haimdhuru mtoto tumboni.

Mtu mzima wa mjini mwenye mabaka mwili mzima: UVB, pamoja na krimu kwenye sehemu sugu. Kwake sioni sababu ya kuanza na vidonge.

Mtu mzima aliye mbali na kliniki yoyote yenye taa, mwenye mabaka mapana, asiyetumia dawa za kuongeza ukali wa jua, mwenye daktari anayempokea hata kila mwezi: huyu ndiye vidonge na jua vinamfaa, nami sitamkataza. Lakini awe mtu wa kuweka daftari. Tarehe, saa, dakika, wingu au jua kali, na ngozi ilivyoonekana siku ya pili na ya tatu. Bila daftari hilo daktari hawezi kumsaidia.

Dereva wa boda au mkulima anayeshinda juani kutwa: vidonge simpi. Dakika tano za tiba hazina maana kama atafuata na saa sita za shambani dawa ikiwa bado mwilini.

Na yupo asiyetaka lolote. Mabaka yake yametulia miaka mingi, ameyazoea, ana kazi yake. Huyo anahitaji mafuta ya kuzuia jua kwenye sehemu nyeupe, na watu wamwache kwa amani.

Yeyote utakayekuwa, piga picha ya mabaka siku ya kwanza, mahali pamoja, mwanga uleule, na urudie kila mwezi. Macho yanayoangalia kila siku hayaoni mabadiliko. Baada ya miezi sita weka picha ya kwanza kando ya ya mwisho, utafute vile vinukta vya kahawia kuzunguka nywele. Vikiwepo, endelea. Visipokuwepo hata kimoja, mwambie daktari mbadilishe njia au msimame.